Rangi nne za mchanga mmoja

Katika miezi kumi na minne, mchanga wa tenki langu la maji ya chumvi umekuwa wa kahawia, ukawa mwekundu, ukarudi kahawia, halafu ukaanza kutoa madoa meusi chini kwenye kioo. Mweupe, ule wa kwenye picha zilizonitia kichaa nikanunua tenki, nimeuona kwa jumla wiki sita hivi. Samaki watatu wamekufa, konokono sikuwahesabu, na hela zilizokwenda mke wangu anazijua nusu. Kama anasoma, nusu ya pili inakuja.

Naishi Tegeta, Dar es Salaam, kwenye nyumba yenye kisima kirefu. Kisima nakitaja mapema kwa sababu kina mkono katika kesi hii. Tenki nililinunua la mtumba Oktoba, kwa mtu aliyekuwa anahama nchi: urefu sentimita 90, upana 45, kimo 45, yaani lita 180 na ushei likijaa hadi mdomoni. Nililipa shilingi 350,000 pamoja na meza ya chuma, taa, na pampu moja ya kusukuma mkondo wa maji. Wenzetu wanaokaa mbali na bahari hununua chumvi ya unga wakakoroga. Mimi bahari ninayo hapo Kunduchi, dakika chache kwa bajaji, kwa hiyo nilijiona mjanja: madumu tisa ya lita 20, safari mbili, kazi imekwisha. Mawe nilipata makavu, matumbawe yaliyokufa miaka mingi, kutoka kwa huyohuyo aliyeniuzia tenki. (Tafadhali usiende Mbudya au Bongoyo kujichukulia. Visiwa vile ni maeneo tengefu ya bahari, haichukuliwi hata kombe.)

Mchanga ndio niliokosea tangu mwanzo. Niliuzoa ufukweni, ndoo tatu, bila kumuuliza mtu kama inaruhusiwa, na watu wa Kunduchi wanavyoliwa ardhi na bahari kila mwaka, leo naona aibu kuandika sentensi hii. Nikausuuza kwa maji ya kisima mpaka yakatoka maangavu, nikaumwaga wote ndani. Ukafika kimo cha sentimita saba na nusu, na pembeni nyuma ya mawe ukapanda zaidi ya hapo. Nilidhani mchanga mwingi ni uzuri mwingi.

Laiti ningejua jaribio la siki. Chukua kijiko cha mchanga mkavu, dondoshea siki ya jikoni. Ukitoa povu na kuchemka kidogo, huo ni mchanga wa chokaa, uliotokana na matumbawe na makombe, kama ule mweupe wa Paje, na unafaa tenki la bahari kwa sababu unasaidia maji yasigeuke kuwa na tindikali. Ukikaa kimya, huo ni mchanga wa mawe ya bara ulioletwa na mito. Wangu ulitoa mapovu matano, labda sita.

Wiki ya tatu likaja vumbi la kahawia. Lilianza kama mtu amepuliza kakao juu ya mchanga upande wa taa, siku ya pili likapanda mawe, siku ya nne kioo. Ukifuta kwa kidole linatoka kirahisi kama unga. Mke wangu akasimama mbele ya tenki na chai yake mkononi.

"Baba, hawa samaki wako wanaishi chooni?"

Maneno hayo yalinigharimu samaki wawili. Jumamosi ile nilitoa mchanga wote kwa bakuli, nikaupeleka uani, nikauosha kwa mpira wa maji ya kisima kama mtu anayeosha mchele wa harusi, nikaurudisha. Ulimeta. Nikapiga picha, nikaituma kwa ndugu.

Jumapili jioni visamaki vyangu viwili vya buluu vilikuwa juu kabisa ya maji vinahema. Jumatatu asubuhi kimoja kilikuwa nyuma ya pampu, cha pili sikukiona mpaka nilipoinua jiwe. Kipimo cha amonia, ambacho kinatakiwa kusoma sifuri, kilikuwa cha kijani kibichi. Kilichotokea ni hiki: bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, hukaa juu ya vitu. Hukaa kwenye mawe, kwenye chujio, na wengi mno kwenye chembe za mchanga. Ni wa baharini, maji matamu yanawaua. Nilichofanya uani ni kuwateketeza wafanyakazi wote wa usafi kwa sababu sikupenda sare zao.

Siku tisa zilizofuata nilibadilisha nusu ya maji kila siku. Dereva wa bajaji alianza kuniuliza kama nafungua kiwanda cha chumvi.

Lile vumbi kumbe lilikuwa diatomu, vijimea vidogo vyenye ganda la silika, kitu kilekile kinachotengenezewa kioo. Karibu kila tenki jipya hulipata, hudumu wiki chache, na silika ikipungua huondoka lenyewe. Langu lilirudi baada ya wiki mbili. Safari hii sikuwa na nguvu wala hela ya kupigana nalo, nikaliacha, na kufikia mwanzoni mwa Januari lilikuwa limekwisha. Nilikuwa nimewaongezea vikonokono kumi vya baharini na kaa wawili wanaobeba magamba, wakala lililobaki.

Kwa muda mrefu nililaumu mchanga wa ufukweni kwa silika ile. Mwenzangu mmoja anayefuga muda mrefu akanirekebisha: mchanga wa mawe huyeyuka polepole mno, hauwezi kuleta fujo yote hiyo. Akaniuliza, "Maji yakipungua unajazia nini?" Nikamwambia, kisima. Kwa joto la Dar na feni niliyoelekeza juu ya maji, tenki langu hupoteza lita mbili hadi tatu kwa siku. Kinachopaa ni maji tu, chumvi inabaki, kwa hiyo unajazia maji matamu, hilo nililijua. Ambalo sikuliwaza ni kwamba kila kilichomo kwenye maji ya kisima nacho kinabaki. Silika, nitrati, fosfeti (hizi mbili ni mbolea ya mwani), leo kidogo, kesho kidogo. Kwa mwezi mmoja nilikuwa nimeingiza lita zaidi ya 70 za kisima ndani ya tenki la lita 180, na hakuna hata chembe ya uchafu wake iliyotoka. Kalamu ya TDS, ile ya kupimia vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, ilisoma 640 kwenye bomba langu. Kwa tenki la bahari watu hutaka sifuri.

Mashine ndogo ya RO ya kuchujia maji, yenye kopo la mwisho la kumalizia masalia, nilinunua Februari kwa shilingi 420,000. Ningeinunua Oktoba kabla ya tenki lenyewe, nisingekuwa na nusu ya hadithi hii. Nyumbani nilisema ni ya maji ya kunywa ya watoto, na kweli wanayanywa, kabla hayajapita kwenye kopo la mwisho.

Masika yalipoanza, kukaja rangi ya pili. Safari hii haikuwa vumbi, ilikuwa ngozi. Ilianzia kona ya kushoto ambako pampu yangu moja haikufikisha mkondo, utando wa rangi ya damu ya mzee, laini, unaoteleza, wenye vipovu vya hewa vimekwama juu yake mchana. Ukiinua ncha yake kwa kibano unachunika kipande kizima kama malai ya maziwa yaliyopoa, na chini yake mchanga ni safi kabisa. Ukitoa kipande nje ukanusa, harufu yake ni ya kinamasi.

Mimi, nikiwa nimetoka kujifunza kwamba subira huponya, nikasubiri. Nilisubiri wiki nne. Ngozi ikafunika theluthi mbili za mchanga na kuanza kupanda mawe. Diatomu hujiondokea, lakini hii ni sayanobakteria. Si mmea, ni bakteria wanaotumia mwanga kama mimea, na ukiwaachia chakula na maji yaliyotulia hawana sababu ya kuhama. Kuna aina zao zinazoweza hata kuchukua naitrojeni ya hewani, kwa hiyo hata nitrati ikiwa chini zinaishi, mradi fosfeti ipo.

Na fosfeti ilikuwapo. Binti yangu alikuwa anawalisha samaki asubuhi, akirudi shule na kabla ya kulala, kamba wa kusaga niliowagandisha mwenyewe, na ule mchuzi wake wote. Lakini chanzo kikubwa alinionyesha mzee mmoja mvuvi pale Kunduchi, aliyeniona nachota maji siku moja baada ya mvua kubwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya mwanangu, maji ya mto unayapeleka wapi?"

Nikamwambia si ya mto, ni ya bahari, ya samaki wa nyumbani. Alicheka mpaka akakaa kwenye ubavu wa ngalawa. "Onja," akasema. Nikaonja. Yalikuwa na chumvi ya supu. Nyumbani refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi ya maji, ilisoma 27 ambapo bahari yetu husoma 35. Nilikuwa nachota karibu na mlango wa mto, wakati wa masika, maji yanayotoka mitaani na mashambani na kwenye vyoo vya watu, kisha nayaita mabadiliko ya maji ya kusafisha tenki. Mzee akanipa ratiba ninayoifuata mpaka leo: njoo siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa pomoni, siku kadhaa baada ya mvua kukatika, na uchote mbali na mto. Wakati wa mvua mfululizo sichoti kabisa, naweka akiba madumu sita nyumbani kabla.

Kabla ya kufika hapo, lakini, nilipita njia ya mkato. Kwenye kundi letu la wafugaji mtu alisema vidonge vya erythromycin vinamaliza. Nikaenda duka la dawa, hawakuniuliza cheti, nikanunua, nikafungua vidonge nikavitia ndani ya maji. Siku ya tatu mchanga ulikuwa mweupe. Wiki ya tano ngozi ikarudi pale palepale, kona ya kushoto, kwa sababu mkondo ulikuwa uleule na fosfeti ileile. Na mimi nilikuwa nimemwaga madumu ya maji yenye antibayotiki kwenye mtaro wa mtaa, dawa ambayo mtoto wa jirani anaweza kuihitaji kesho ikiwa bado ina nguvu. Sijivunii. Sirudii.

Kilichoiondoa kweli hakikuwa na maajabu. Pampu ya pili ikielekezwa kona ya kushoto. Chakula mara moja kwa siku, kamba wakisuuzwa kwanza kwenye chujio la chai mchuzi wote utoke. Binti akapewa kazi mpya ya kuhesabu vikonokono. Na kila Jumapili, kabla ya kubadilisha asilimia 15 ya maji, ninaingiza mpira mwembamba, naunyonya kwa mdomo maji yaanze kushuka, nafyonza ngozi ile juujuu bila kuuvuruga mchanga. Kumbukeni hapo niliposema kwa mdomo. Katikati ya Juni mchanga ulikuwa safi.

Sasa niliogopa mno kurudi nyuma, na woga huo ndio ulioleta balaa kubwa kuliko yote.

Shemeji yangu hufanya biashara Dubai. Nikamwagiza vipimo vizuri vya nitrati na fosfeti, na mfuko wa chembechembe za oksidi ya chuma zinazofyonza fosfeti. Nikaziweka kwenye chujio. Maji nikabadilisha kila baada ya siku tatu. Samaki nikawalisha siku moja naruka moja. Mwishoni mwa Julai nitrati sifuri, fosfeti sifuri. Nilipiga picha vichupa vile vya kipimo, vyeupe pe, nikaweka iwe picha ya simu yangu.

Agosti, vumbi la kahawia. Nikasema, aa, hili tunafahamiana. Diatomu. Litaondoka. Kwa kuharakisha nikaongeza mabadiliko ya maji. Kila nikibadilisha, kesho yake limezidi. Kisha likabadilika sura, halikuwa vumbi tena bali kamasi. Nyuzinyuzi za kahawia zinazoning'inia kwenye mawe, kila ncha ina kipovu cha hewa kama shanga. Mchana mchanga wote umevaa kamasi, usiku wa manane nikiamka kwenda msalani namulika tochi, mchanga mweupe. Asubuhi saa tatu linaanza, saa tisa alasiri limejaa.

Ndipo vikonokono vikaanza kuanguka. Konokono mzima akianguka hugeuka akasimama. Hivi vilikuwa vinalala chali, mguu nje, vikiguswa havirudi ndani haraka. Nilipoteza karibu vyote ndani ya siku kumi, na samaki mmoja, nemo mdogo.

Kuna jaribio la nyumbani ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningekuwa na adabu. Chukua kamasi kidogo pamoja na maji ya tenki kwenye chupa ya plastiki, tikisa kwa nguvu mpaka kila kitu kivunjike, pitisha maji hayo kwenye karatasi ya kuchujia kahawa au tishu nene ya jikoni, kisha maji yaliyopita uyaweke kwenye glasi chini ya taa kwa saa moja. Kama ni diatomu, maji yatabaki maangavu. Yangu, baada ya dakika arobaini, yalianza kushikamana yenyewe, nyuzi zikajisokota upya ndani ya glasi mbele ya macho yangu. Nilisisimka mwili.

Rafiki yangu ni mwalimu wa baiolojia sekondari. Nikampelekea chupa, akaweka tone kwenye kioo cha hadubini ya maabara, akaongeza ukubwa mara 400, akaangalia muda mrefu bila kusema neno.

"Mwalimu, vipi?"

"Njoo uone mwenyewe. Hivi vitu vinacheza."

Nilitegemea kuona vijiti na maboti yaliyotulia, maana diatomu nyingi zinafanana hivyo. Niliona mbegu. Mamia ya mbegu za kahawia zenye umbo la tone la maji, upande mmoja mnene, mwingine umechongoka, na kila moja inazunguka palepale kama imepigiliwa msumari kwenye ile ncha. Hazisafiri, zinazunguka. Mwalimu akatafuta michoro kwenye simu, tukalinganisha: dinoflajeleti, viumbe vya chembe moja vinavyoogelea, jamii ya Ostreopsis. Hawa hutengeneza sumu. Mwaka 2005 walizaliana baharini huko Genoa, Italia, na watu wapatao 200 wakaenda hospitali kwa homa na shida ya kupumua, wengi wao baada ya kukaa tu ufukweni na kuvuta hewa yenye matone ya maji. Mwalimu alikuwa ananisomea hayo nami nafikiria mdomo wangu na ule mpira, Jumapili hata Jumapili.

Sijaunyonya mpira tena. Nilinunua ile pampu ya mkono ya plastiki wanayotumia kuhamishia mafuta, shilingi elfu chache, na navaa glavu.

Na kwa nini walikuja? Kwa sababu niliwaandalia. Mchanga ni kama uwanja wa soko, kila meza ina mwenyewe. Bakteria, diatomu, mwani wa kawaida, vidudu vidogo, wote wanagombea nafasi na chakula. Nilipofuta nitrati na fosfeti kabisa, niliwafilisi wachuuzi wa kawaida. Dinoflajeleti hawategemei maji peke yake, wengi wao wanaweza kula viumbe wengine, kwa hiyo waliukuta uwanja mtupu wakatandika. Kila badiliko la maji niliyoyaona ni dawa lilikuwa linawafagilia.

Tiba yake ilinitoa jasho kwa sababu kila hatua ni kinyume cha yote niliyojifunza. Acha kubadilisha maji. Toa zile chembechembe za kufyonza fosfeti. Lisha mara mbili kwa siku. Nitrati ikipanda mpaka kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, na fosfeti mpaka kati ya miligramu 0.05 na 0.1, ishikilie hapo, usiipunguze. Nikafunika tenki kwa vitenge viwili na blanketi siku tatu, giza totoro. Nikaweka mkaa wa kuchujia, mpya kila wiki, ili unase sumu. Na kwa kuwa Ostreopsis usiku huachia mchanga wakaelea majini (ndiyo maana tochi yangu ilikuwa inaona mchanga mweupe), taa ya UV, ambayo mwanga wake huua vijidudu maji yakipita ndani yake, inawapata. Nilinunua ya wati 18, shilingi 280,000, ikivuta maji kutoka ndani ya tenki lenyewe, saa 24.

Hapo pa UV simama kidogo kabla hujatoa hela. Wapo dinoflajeleti wengine, Amphidinium, wanaokaa mchangani mchana na usiku. Kwa hao taa ya UV ni kama kumpigia mbuzi gitaa. Wao watu hupambana nao kwa kuongeza silika makusudi ili diatomu warudi wawasukume. Ndiyo, lile vumbi nililoua samaki wawili kwa ajili yake, kuna watu wanalinunulia chakula chake kwenye chupa. Chini ya hadubini Amphidinium ni bapa, mviringo kama yai, na huteleza huku na huko. Hawazungukii ncha. Mwalimu wa baiolojia aliye karibu nawe ni wa thamani kuliko chupa yoyote ya dukani, na hadubini ya shule mara nyingi inakaa kabatini tu.

Wiki ya tatu kamasi lilianza kukatika vipande. Wiki ya saba sikuliona. Katikati hapo kuliota mwani wa kijani kwenye mawe, mrefu, mbaya, nami niliutazama kama mkulima anavyotazama mahindi.

Doa jeusi liligunduliwa na binti yangu, Novemba, akitafuta konokono: "Baba, huku kuna lami." Kwenye kona ya nyuma, kule mchanga ulikopanda, chini kabisa kwenye kioo palikuwa na weusi wa ukubwa wa kiganja. Ukiangalia juu ya mchanga huoni kitu. Nilichoma kijiti kidogo pale, kikatoka na harufu ya yai viza.

Safari hii sikugusa kitu siku hiyo. Nilikaa kwenye kiti nikafikiri, jambo ambalo lingeniokolea shilingi laki kadhaa kama ningelianza mapema. Mchanga mzito usiopitisha maji hukosa oksijeni chini, bakteria wa huko wanatoa salfidi ya haidrojeni, na gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo mchangani hutoa weusi. Ukiwa umetulia chini hauna shida kubwa. Ukiuchimbua wote kwa mara moja, unaachia sumu ndani ya maji ambamo samaki wako wanapumua. Wiki ileile umeme ulikuwa umekatika saa tisa mfululizo, pampu zimelala, na nadhani hapo ndipo doa lilipokua. Sasa nina pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, elfu sitini, na kwa Dar hiyo si anasa.

Mchanga wa kona ile nimeupunguza ukanda kwa ukanda. Kila Jumapili, wakati wa kubadilisha maji, nafyonza upana wa vidole vitatu mpaka chini kabisa, mchanga na maji yake machafu vinaishia kwenye ndoo, havirudi. Ilichukua Jumapili tano. Sasa mchanga wote una sentimita tatu hivi, na wa nyuma nimeubadilisha kwa ule wa chokaa wa kununua. Ningeshauri mtu achague tangu mwanzo: ama sentimita mbili tatu unazoweza kuzisafisha, ama kumi na zaidi unazoziacha zifanye kazi zake bila kuguswa. Hapa katikati, pale nilipokuwa, unapata taabu za pande zote mbili.

Utaona pia mstari wa kijani, na mara nyingine wa zambarau, kwenye kioo chini ya usawa wa mchanga. Mwanga wa pembeni unaingia pale na mwani unaota. Hauna maana yoyote. Mimi niliupoteza usiku mzima nikiusoma.

Jongoo bahari watakuambia ni msafishaji mzuri wa mchanga, na kweli ni mzuri, anaumeza huku anautoa safi upande wa pili. Ila akifia ndani, au akinaswa na pampu, anaweza kutoa sumu inayoua samaki wote. Mimi sijamweka. Nina konokono wapya wanane wanaojizika mchangani na kutokea wakinusa chakula, wanatosha, na binti anawahesabu.

Wiki iliyopita, juu ya ule mchanga mpya wa chokaa, kumetokea vumbi la kahawia. Linatoka kwa kidole kama unga, halina nyuzi, halina vipovu, na usiku nikimulika liko palepale. Nilipima maji ya RO: kalamu ilisoma 11, kumbe kopo la mwisho limechoka. Nimeagiza jingine. Mke wangu alipita, akatazama tenki, akanitazama mimi nimekaa, akauliza kama leo siendi uani na mabakuli.

"Hapana," nikamwambia. "Hawa niwaache."

"Na ile mashine ya maji ya watoto, hivi ilikuwa shilingi ngapi?"

Nikainuka kwenda kuhesabu konokono.